Siku Niliyobaki Ng'ambo ya Barabara

Jeddah, Jumatano alasiri

Minza mwanangu,

Mama yako yuko chumbani kwako, anapanga nguo zako na kuzipangua. Mambo ya koti la baridi, makaratasi ya chuo na nani wa kumpigia ukifika ameshakueleza mara tatu, sitayarudia. Mimi nimekaa jikoni na karatasi hizi kwa sababu ya swali uliloniuliza jana tukila chakula cha mchana.

Ulikuwa unatuonyesha picha za Milwaukee kwenye simu. Ulituonyesha mgahawa ambako chuo kimekutafutia nafasi ya mafunzo, ziwa linaonekana kwenye madirisha yake, na nyuma ya ukuta wa kioo kuna matangi ya shaba wanamopikia bia yao wenyewe. Ukatuambia kwamba siku ya Ijumaa watu wa mji ule hujaa migahawani kula samaki wa kukaanga, familia nzima nzima, na kwamba viwanda vya bia viko karibu kila mtaa. Utaanza jikoni, ukasema, na ukifikisha umri unaotakiwa na sheria zao watakuhamishia kwenye matangi. Kisha ukanigeukia. "Baba, si ulikuwa unapika bia Mwanza? Mbona hujawahi kunifundisha hata kitu kimoja?"

Nikainuka mezani. Nikasema kichwa kinaniuma. Nilipokuwa kwenye korido nikakusikia unamuuliza mama yako, "Nimemkosea nini?"

Hukunikosea chochote. Wala usidhani miaka ya kukaa Saudia imenifanya niichukie bia, au kwamba naona haya Watanzania wenzetu hapa watasema binti wa fulani amekwenda kujifunza pombe. Kuipika bia ndicho kitu pekee nilichowahi kukijua vizuri maishani. Niliinuka kwa sababu kukujibu kungenilazimu kukueleza habari za mtu mmoja, na habari hizo sijawahi kumwambia yeyote, hata mama yako.

Nianzie Mwanza. Nilifanya kazi kiwanda cha bia miaka kumi na mmoja, nikaanza kwa kufagia ghala la kimea, ile shayiri iliyooteshwa, nikamaliza nikiwa msimamizi wa zamu kwenye matangi. Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki, ulikuwa ukininusa shingoni nikirudi na kusema nanukia uji. Ilikuwa harufu ya shayiri iliyochemshwa. Jioni nilipenda kupita mgahawani kwa mama yako, pale karibu na mwalo wa wavuvi. Alikuwa na meza nane, na watu walikuwa wanasimama kusubiri meza. Samaki wake, sato, alimkaanga mkavu nje, ndani laini, na ugali, na kachumbari ya pilipili mbichi. Nilikaa pembeni nikiwatazama watu wakinywa bia tuliyoipika sisi. Mtu akimeza, akafumba macho kidogo, akasema "hii ya leo iko sawa," basi mimi nilikuwa na furaha wiki nzima. Mama yako alikuwa ananicheka. Alisema, "Wewe hutaki mshahara, unataka kupigiwa makofi."

Alisema kweli. Nilipenda kusifiwa. Naandika hili mapema kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Ulikuwa na miaka tisa mawakala wa Saudia walipoanza kujaa mjini. Wengi walitafuta wasichana wa kazi za ndani na madereva. Huyu wa kwangu alisema anatafuta mtaalamu wa vinywaji, kuna kiwanda Riyadh kinatengeneza kinywaji cha kimea kisicho na kilevi. Mtaalamu. Neno hilo lilinilewesha kuliko bia yoyote niliyowahi kuonja. Mama yako akauliza, "Na baadaye tukikufuata, mgahawa wangu?" Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka yalivyo: "Meza nane ndizo zikuzuie kuiona dunia?"

Miaka miwili baadaye aliufunga mgahawa, akakushika mkono, mkaja. Unamwona hapa akipika sahani ishirini kwa watu watatu, halafu anapeleka zilizobaki kwa majirani. Ikama yake, kibali cha kuishi hapa, inamruhusu kuwa mke wangu tu, haimruhusu kufanya kazi. Hilo nimemfanyia mimi.

Riyadh walinipokea kwenye mashine ya kuoshea chupa. Kafili, mdhamini wangu wa kazi, alichukua pasipoti, nikavalishwa buti za mpira, na nilipomwonyesha msimamizi mkataba ulioandikwa mtaalamu, akanirudishia bila kuusoma. "Yalla, kazi." Sikuwaambieni. Kwenye simu nilisema naendelea vizuri, nasimamia watu.

Nilipanga chumba mtaa wa Al-Shumaisi pamoja na Mkenya mmoja, Wafula, mtu wa upande wa Kakamega. Unamkumbuka? Ni yule aliyekuwa akininyang'anya simu na kukuuliza, "Minza, umekula? Umekula nini? Nani amepika?" Hakuweza kuzungumza na mtu yeyote bila kumuuliza amekula nini. Alikuwa mpishi kwenye mgahawa wa wali na kuku, mwendo wa dakika kumi kutoka chumbani kwetu. Mwenye mgahawa alikuwa Msaudi, tulimwita Abu Faris. Alimwamini Wafula kiasi cha kumwachia funguo. Wafula alikuwa mrefu, mikono yake ina alama za mafuta ya moto mpaka kwenye kiwiko, na hakunywa pombe. Baba yake alikufa kwa pombe, alinieleza siku ya kwanza tu, ili nisije nikamkaribisha.

Kila Ijumaa alileta hamira kutoka mgahawani, kwa ruhusa ya bosi wake, tukapika maandazi. Baada ya miezi michache nikaanza kubakiza hamira kidogo. Nilinunua kinywaji cha kimea kilekile ninachooshea chupa zake, nikaongeza sukari, nikaweka kwenye dumu la maji bafuni, nikafunika kwa kitambaa. Sikutaka hata kunywa, Minza. Nilitaka kusikia mapovu. Nilitaka nishike kitu kinachonitii. Siku ya nne nilipofungua nikaonja, ilikuwa bia mbaya, chachu, lakini ilikuwa bia, na nilikuwa nimeipika mimi.

Wafula alipoligundua dumu alilifunua, akanusa, akakaa kitandani.

"Mwanza," aliniita hivyo, kwa jina la mji, "hii kitu itatumaliza. Hapa si kwetu."

"Ni ya kujaribu tu."

"Umejaribu. Sasa mwaga. Mimi niko na watoto wanne, bana. Mwaga nikiona."

Nikamwaga mbele yake. Akanishukuru, akanishika bega. Wiki ya pili nikapika tena. Nililificha dumu nyuma ya tangi la maji ya moto, na hamira nikaendelea kumwomba, nikimwambia maandazi ya wiki iliyopita yalikuwa magumu, tuongeze kidogo. Alileta zaidi. Alidhani ni ya maandazi.

Krismasi ikakaribia. Waafrika wenzetu pale mtaani wakajua, maana kitu kama hicho hakifichiki, na wakaja mmoja mmoja kuonja. Safari hii nilikuwa nimeipata sawasawa. Mzambia mmoja alifumba macho akasema hajaonja bia kama ile tangu atoke kwao. Wakaanza kuniita Fundi. Mimi niliyekuwa naosha chupa tangu asubuhi hadi jioni, jioni naitwa Fundi. Nikapika madumu matatu.

Sikuuza hata kikombe. Nimewahi kujiambia kwamba hilo lilipunguza kosa. Halikupunguza. Niliwapa bure kwa sababu malipo niliyotaka nilikuwa nayapata.

Walikuja siku ya Ijumaa mchana, baada ya swala. Labda jirani alisikia harufu, labda mmoja wa wanywaji alisema, mpaka leo sijui. Wafula alikuwa amelala, alikuwa ametoka kazini alfajiri. Mimi nilikuwa nimevuka barabara kwenda kwenye bakala, duka dogo la mtaa, kununua sukari. Nilipogeuka na mfuko mkononi nikaona magari mawili ya polisi mbele ya jengo letu, na askari wanashusha madumu yangu, moja, la pili, la tatu. Kisha wakamshusha Wafula. Alikuwa na suruali ya mgahawani na fulana, miguu mitupu. Askari mwingine alibeba pakiti za hamira.

Barabara ile si pana. Sauti zilinifikia. Askari alimuuliza kwa Kiarabu ni nani mwingine anakaa chumbani. Vitanda vilikuwa viwili, kila mtu angeviona. Wafula akainua kichwa, akatazama ng'ambo, akaniona. Nina hakika aliniona, maana alinitazama kama unavyomtazama mtu unayemjua. Kisha akamgeukia askari.

"Mafi," akasema. "Mafi nafar. Mimi peke yangu."

Minza, nilichotakiwa kufanya kilikuwa kuvuka. Hatua kumi na tano, labda ishirini. Miguu yangu ilikuwa mizima. Hakuna aliyenishika. Niliingia tena ndani ya bakala, nikasimama kwenye rafu ya sabuni, nikasoma maandishi ya sabuni mpaka magari yalipoondoka. Mwenye duka, mzee wa Kiyemeni, aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Nikamlipa sukari yake.

Nimesikia watu wakisema hofu humkamata mtu akashindwa kufikiri. Mimi nilifikiri. Nilifikiri vizuri kabisa: niliwafikiria ninyi, nikafikiria kurudishwa Mwanza nikiwa si mtaalamu wa chochote, na wale waliokuja kuniaga na jinsi watakavyonitazama. Yote hayo yalipita kichwani kwa mpangilio. Kisha nikachagua. Kwa hiyo mtu akija kukuambia baba yako aliponzwa na hofu, usimkubalie. Ningetamani iwe hivyo.

Siku ya tatu, Abu Faris alikuja kiwandani. Alikuwa mtu mnene, anatembea kwa shida, na alikuwa amepanda ngazi mpaka kwenye mashine zetu. Akanivuta pembeni. Alizungumza Kiarabu polepole ili nielewe.

"Wafula amekaa jikoni kwangu miaka sita. Hajawahi hata kuvuta sigara. Pombe ile si yake. Wewe ulikaa naye. Njoo twende pamoja kituoni, mimi nitasimama na wewe, nitazungumza na kafili wako. Sema unachokijua."

Alikuwa ameshika mkono wangu. Alikuwa ananiomba, yeye, mwenye mgahawa, ananiomba mimi muosha chupa.

"Sijui kitu, bosi," nikasema. "Sikuwa nakaa pale tena. Nilihama."

Akanitazama. Akauachia mkono wangu, akaufuta wake kwenye kanzu. "Halas, basi," akasema, akashuka ngazi zake. Sikumwona tena.

Wafula alifungwa miezi minane. Alichapwa viboko. Kisha akarudishwa kwao, na jina lake likawekwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia tena. Hayo niliyasikia kwa watu. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaomba uhamisho tawi la Jeddah, na huku ndiko hatimaye walikoiamini taaluma yangu, wakanitoa kwenye chupa. Ndipo nikawaita. Ulipoingia nyumba hii mara ya kwanza uliniuliza, "Anko Wafula anakaa wapi?" Nikasema alichoka na joto, akarudi kwao kwa hiari yake. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ukasema, "Bila kuniaga?" Ukamkasirikia. Nilikuacha umkasirikie, na ukamsahau.

Miaka minne iliyopita nilipokwenda likizo nilikwambieni nimepitia Nairobi kwa shughuli za kiwanda. Nilikwenda Kakamega. Nilimkuta anapika kwenye shule ya bweni, maharage kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Amezeeka. Hakushtuka kuniona. Akanipeleka nyumbani kwake, akanikaribisha kiti, akaniuliza kama nimekula. Mke wake alipita uani, akanitazama, akaingia ndani wala hakurudi. Chai aliimimina Wafula mwenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa njiani kutwa nzima. Nikaanza, "Wafula, nimekuja kukuomba..."

"Wacha," akasema. Hakupandisha sauti. "Wacha nikuulize mimi. Ile siku, uliniona?"

"Nilikuona."

"Mimi pia nilikuona. Nilijua ile pombe ni yako kabla hata wapate la tatu. Unajua kwa nini nilisema niko peke yangu?"

Nikasema alitaka kuniokoa.

"Hapana, Mwanza. Mimi si malaika. Nilitaka upate nafasi ya kupigia bibi yako simu. Uwaambie kwenu. Uvae viatu, mimi walinitoa bila viatu. Nilisema huyu atajipanga, halafu kesho atakuja mwenyewe aseme ukweli, na mimi nitatoka." Akanywa chai yake. "Kila mara mlango ukifunguliwa nilikuwa nafikiria ni wewe. Miezi miwili, mitatu. Nikawa mpaka naambia wenzangu ndani, rafiki yangu anakuja, amechelewa tu."

Nikalia. Alinitazama nikilia kama mtu anayesubiri mvua ipungue ili aendelee na kazi. Hakunishika bega. Nilipotulia akasema, "Maliza chai, gari za kwenda Nairobi zinaisha mapema." Akanisindikiza hadi barabarani kwa sababu ya adabu yake tu. Sikuweza kumwomba msamaha, na yeye hakuutoa. Nilipopanda gari alinipungia mkono kidogo, halafu akageuka kabla gari halijaondoka. Mara mbili nimempigia tangu hapo. Hakupokea.

Kwa hiyo jana uliponiuliza kwa nini sijawahi kukufundisha, jibu ni kwamba kila nikifikiria kimea na hamira namwona mtu miguu mitupu juani. Si haki kwako. Kazi haikutenda kosa. Nenda ukaipende kazi hiyo kama nilivyoipenda. Kitu kimoja ninaweza kukufundisha hata kwa karatasi: osha. Osha tangi, mpira, koki na mikono yako, kisha osha tena, na usiamini kitu kwa sababu kinang'aa. Bia nyingi niliyoona ikiharibika ilianza na mtu aliyesema panatosha. Na unapoonja, onja kwanza ile uliyoikosea. Nilikuwa namwaga zangu haraka ili nisizione, ndiyo maana ilinichukua miaka mingi kujua nilikuwa nakosea wapi.

Huko utapata wakubwa watakaokusifu. Una mkono wa mama yako, watakusifu tu. Siwezi kukuambia usipende kusifiwa, mimi baba yako nitalisema vipi? Nakuambia tu kulikonifikisha mimi. Na nimekuandikia haya kwa sababu siku moja, jikoni au kwenye matangi, kitu ulichokikosea wewe kitamwangukia mwenzako, labda kitu kidogo, chungu kilichoungua, hesabu ya chachu, na utakuwa umesimama pembeni na hakuna anayekutazama. Sijui utafanya nini. Nilidhani ninajijua, nami sikujua. Ila ukikawia dakika ya kwanza, nenda ya pili. Ukikawia siku ya kwanza, nenda ya pili. Mimi nilikuwa na siku tatu, halafu nikapewa Abu Faris amenishika mkono kabisa, halafu miezi minane. Mlango wa kituo kile ulikuwa wazi siku zote hizo.

Nilipofika hapa katika kuandika, nilimwita mama yako, nikamsomea yote tangu mwanzo. Sikuona haki wewe uondoke unajua na yeye abaki hajui. Alisikiliza amesimama, ameshika shati lako. Nilipomaliza akauliza, "Huyu ndiye aliyekuwa akiniuliza nimekula?"

"Ndiye."

"Na ulinifanya niseme ni mtu asiye na shukrani, ameondoka bila kwaheri."

"Ndiyo."

Akakaa. Akasema, "Nilikuwa najiambia nimefunga mgahawa wangu kumfuata mtu mwema aliyekosea hesabu. Angalau hilo nilikuwa nalo." Kisha akainuka akarudi chumbani kwako. Sasa hivi namsikia anafungua kabati na kulifunga. Hakusema nikupe barua hii wala nisikupe.

Nitaiweka mezani kwako uikute ukirudi kutoka kuwaaga rafiki zako. Namba ya Wafula nimeiandika nyuma ya karatasi ya mwisho. Mimi hapokei simu yangu. Wewe alikuwa anakupenda, na una deni kwake la hasira za bure ulizomkasirikia ulipokuwa mtoto. Ukimpigia, usinitetee. Mwambie tu umekula nini.

Gari ya kwenda uwanja wa ndege inakuja kesho saa mbili asubuhi. Nitakuwa nimevaa, nimekaa sebuleni. Ukitaka nikusindikize, sema. Ukinipita ukaenda na mama yako, sitauliza kwa nini, na hutakiwi kunieleza.

Baba yako